Miwani ilikuwa shingoni

Mama huyu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Nimebadilisha mambo yake kadhaa asitambulike, naye ameridhia nimwandike. Alikuja kwangu baada ya kupimwa moyo na kuambiwa hauna shida yoyote, ilhali ulikuwa ukimwenda mbio mpaka anatafuta pa kushika. Nilimpa fomu ajaze. Akaisukuma upande wangu wa meza: "Andika wewe daktari, nimesahau miwani." Miwani ilikuwa inaning'inia shingoni mwake.

Sokoni wanasema ana majivuno. Anapakia malori ya dagaa kwenda mikoani, na kuli akikosea hesabu ya magunia anafokewa mbele za watu mpaka huruma inakushika. Methali iko tayari mdomoni: debe tupu haliachi kuvuma. Mimi siku hizi siitumii kabisa. Wengi wanaovuma niliokaa nao hawakuwa watupu, walijaa hofu ya kuonekana wadogo.

Hili lilielezwa vizuri na Alfred Adler, daktari aliyezaliwa mwaka 1870 nje kidogo ya Vienna, Austria. Utotoni aliugua matege, kisha nimonia ikakaribia kumuua. Mwaka 1907 aliandika kuhusu viungo dhaifu na jinsi mwili unavyofidia: figo moja ikishindwa, nyingine hubeba mzigo. Baadaye akaona nafsi nayo hufanya hivyo. Kila mtoto anaanza maisha akiwa mdogo kati ya wakubwa, hafikii kitasa, hajui wanachoongea. Kule kujiona duni si ugonjwa, ndiko kunakomsukuma ajifunze kutembea, kusema, kuogelea. Ugonjwa huanza pale mtoto anapokata tamaa ya kulingana na wenzake, akaamua afadhali awe juu yao, au asionekane kabisa.

Mwaka 1911 Adler aliachana na kundi la Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi. Freud alitafuta misukumo inayotoka nyuma. Adler aliuliza: huyu mtu anaelekea wapi? Ndiyo maana alipenda kumwomba mgonjwa kumbukumbu yake ya zamani kabisa. Hakuiona kama chanzo cha kila kitu. Kati ya maelfu ya mambo tuliyoyapitia, tunahifadhi lile linalofanana na njia tunayoifuata leo.

Nami nikamwomba. Akanyamaza kidogo, kisha akanipeleka darasa la tatu, kijijini, upande wa Sengerema. Nyumbani walikuwa wakiongea Kisukuma tu. Akasimamishwa kusoma, neno "rangi" likatoka "langi". Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. "Nilikaa chini nikasema, hawa siku moja wataniamkia."

Na kweli wanamwamkia. Kufidia kwake kumemjengea nyumba na kumsomeshea watoto, na mtu asije akambeza kwa hilo. Ila tazama gharama yake: kila anayemsogelea ni wa kumshinda, na katika kila chumba darasa la tatu bado linacheka. Adler aliona kipimo cha afya ya nafsi si cheo wala mali, ni kama mtu anajihisi mmoja wa wenzake na ana cha kuchangia. (Ya mtoto wa kwanza kuwa hivi na kitinda mimba vile, aliyoyasema pia, siyategemei sana, utafiti wa baadaye haukuyaunga mkono kwa nguvu.)

Kuna swali lake moja ninalolithamini kuliko nadharia zake zote: ungefanya nini kama shida hii isingekuwepo? Nilimuuliza mama. Akajibu bila kufikiri, "Ningekubali ukatibu wa kikoba chetu," yaani kikundi chao cha kuweka na kukopa. Tukatazamana. Katibu ndiye anayesoma muhtasari kwa sauti. Tulipohesabu siku, moyo ulikuwa ukienda mbio kila Jumamosi jioni, na kikoba hukutana Jumapili. Hakuwa akijifanya, mapigo yale ni ya kweli na yanatisha. Ila yalikuwa yakimpa ruhusa ya kutokwenda, kama ile miwani ilivyompa ruhusa ya kutosoma.

Walimu na wazazi, nawasihi: "Mbona mwenzako anaweza?" ni sentensi fupi, na mtoto anaweza kuibeba miaka arobaini.

Hatukuhangaika na matamshi yake. Tulianza na kuli: akikosea, amwite pembeni. Aliniambia mara ya kwanza mikono ilimtetemeka kuliko angefoka. Baada ya miezi miwili akajitolea kusoma mahudhurio tu ya kikoba, majina kumi na mawili. La nne linaanza na R. Likatoka na L.

"Wakacheka?" nikauliza.

"Hapana. Mwenye jina akaitika, 'Nipo.' Nikasoma la tano."

Alikuwa ameshavaa miwani, anavuta fomu yangu upande wake.