Birdman: dramu zilizofanya kazi ya mhariri

Watu wengi walioipenda saundtraki ya Birdman huwa wanasema kitu kimoja, kwamba zile dramu zinawapa presha, moyo unaenda mbio mpaka filamu inaisha, na ni kweli kabisa, ila mimi kama mpiga dramu naona ukubwa wa kazi ile uko sehemu nyingine ambayo haisemwi vya kutosha: dramu mle ndani zinafanya kazi ya mhariri wa filamu.

Ngoja nieleze. Filamu hiyo ya 2014 ya Alejandro González Iñárritu imepigwa na mpiga picha Emmanuel Lubezki kwa namna ambayo karibu yote inaonekana kama kamera haikuzimwa hata mara moja, inamfuata Riggan, mwigizaji ambaye jina lake limeshachuja, kwenye korido za ukumbi wa St. James pale Broadway, eneo la kumbi za maigizo New York, inaingia naye chumbani, inapanda ngazi, inatoka nje hadi barabarani. Sasa kwenye filamu za kawaida mdundo unatokana na mhariri kukata picha, uso huu, uso ule, mlango, kimya, uso tena, na mazungumzo yakianza kuzubaa mhariri anakata mapema maisha yanaendelea. Hapa hiyo nafasi haipo. Na hii ni komedi jamani, komedi bila taiming imekufa! Lazima kitu kingine kiseme hapa kaza, hapa legeza, hapa subiri kidogo, na ndo hapo akaitwa Antonio Sánchez, Mmexico mwenzake Iñárritu, mpiga dramu wa jazi aliyekaa miaka mingi na mpiga gitaa Pat Metheny.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi walivyofanya. Sánchez alianza kama ambavyo wengi wetu tungeanza, akatengeneza mdundo maalum wa kila mhusika na kutuma demo, Iñárritu akamwambia hicho ni kinyume cha anachotaka, yeye anataka kitu kinachozaliwa palepale. Basi wakaingia studio New York kabla hata filamu haijaanza kupigwa, mwongozaji anamsimulia sini, kisha anakaa mbele ya dramu anaiwaza kichwani, akifika mahali Riggan anafungua mlango au anakata kona ananyanyua mkono, na Sánchez anabadilisha. Yani mikato ikapigwa kwenye ngozi za dramu kabla kamera haijawashwa, halafu demo hizo zikatumika wakati wa kupiga picha ili waigizaji waushike ule mwendo. Baadae akarekodi upya Los Angeles akiwa anaitazama filamu yenyewe.

Halafu sauti sasa. Dramu zilizorekodiwa vizuri zilitoka safi mno, hazikufanana na korido za ukumbi mkongwe, ikabidi ziharibiwe kwa makusudi: ngozi chakavu, zikalegezwa, matoazi yakapandishwa moja juu ya lingine ili yasivume, yakatike na kukwaruza tu. Mtu aliyezoea kutumia muda mrefu kukaza ngozi mpaka kila tomu (zile dramu za kati) iimbe anajua ilivyo ngumu kuacha sauti mbovu kwenye kazi yako, lakini ndio maana ukisikiliza unahisi vumbi la mle ndani.

Tuzo za Oscar waliikataa kwenye kipengele cha muziki asilia wa filamu, sababu filamu ina pia vipande vya watunzi wa muziki wa klasiki kina Mahler na Tchaikovsky, wakaona mchango wa dramu umemezwa. Rufaa ikakataliwa. Mimi naona walikosea sana, kwa sababu ukitoa Mahler filamu bado inatembea, ukitoa dramu inakaa chini. 2016 Grammy, zile tuzo za muziki, wakaipa tuzo.

Kama unataka kusikia ninachosema, usianze na sehemu zenye kelele. Tafuta zile ambazo watu wanaongea na chini yao dramu zinanong'ona, brashi kwenye snea (dramu ndogo yenye mkwaruzo), haihati (matoazi mawili ya kukanyaga) inafunga na kufunguka, na uangalie Sánchez anavyokwepa maneno, mtu akisema yeye anapunguza, mtu akivuta pumzi yeye anaingia, hajazi kila upenyo. Mpiga dramu kijana akisikia dramu peke yake anadhani ni ruhusa ya kumwaga kila alichonacho, kumbe pale ni adabu ya kumsikiliza anayeongea. Na barabarani, pale Riggan na Mike, mwigizaji mwenzake, wanapotoka nje ya ukumbi, unagundua zile dramu zina mtu, mpigaji amekaa kando ya njia na seti yake (anayeonekana ni Nate Smith, anayesikika ni Sánchez), baadae anatokea tena ndani ya jengo, na kuanzia hapo kila kiki (dramu kubwa ya mguu) inapodunda unajiuliza kama Riggan naye anaisikia.