Kufaulu somo si kujua kulifundisha

Vyuoni, Mtwara ikiwemo, imezoeleka kuamini kwamba mwanafunzi wa uzamili mwenye alama za juu akipewa darasa la semina atafundisha tu. Sivyo. Aliyelielewa somo kwa wepesi mara nyingi huruka hatua ambazo kwake zimeshakuwa mazoea, na hapo ndipo wa mwaka wa kwanza anapoachwa.

Dawa ipo, tena haina gharama kubwa: somo fupi la majaribio, mbinu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1960. Mwanafunzi huyo wa uzamili huandaa dhana moja tu, tuseme wastani wa bei za korosho mnadani, anaifundisha kwa dakika 10 mbele ya wenzake 5, anarekodiwa kwa simu, anajitazama, kisha anairudia kwa kundi jingine. Marudio yasiachwe, ndiyo yanayombadilisha.

Kosa linalojitokeza mno kwenye rekodi ni kuuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla hata sekunde 1 haijaisha. Ahesabu kimoyomoyo hadi 3, hata 5. Na ile "mmeelewa?" aiache kabisa, maana darasa litaitikia "ndiyo" hata lisipoelewa, awape hesabu moja waifanye, apite kati ya viti akisoma madaftari yao.