Uhuru wa kipesa kwa mpanda miamba: tunayoambiana na yalivyo kweli

Kuna ndoto imeshika sana siku hizi kati yetu wapanda miamba: uache kazi mapema, uishi na vitu vichache, halafu ukwee siku yoyote unayotaka bila kuandikia mtu barua ya likizo. Mimi naiamini hiyo ndoto na naifuata, ndio maana huwa naumia nikiona vijana wanaingia na habari nusu nusu za YouTube, mwingine anaacha kazi bila akiba, mwingine anakata tamaa kabla hajaanza kwa sababu ameambiwa bila mshahara wa dola haiwezekani. Acha nichukue zile kauli ninazozisikia sana, moja moja.

"Lazima uishi kwenye gari"

Hii imetoka Marekani, hasa hifadhi ya Yosemite kule California. Alex Honnold, yule aliyepanda ule ukuta mkubwa wa mwamba wa El Capitan bila kamba tarehe 3 Juni 2017 kwa chini ya saa nne, aliishi miaka mingi kwenye van, na picha za hiyo van zimezunguka mpaka watu wanadhani gari ndiyo siri. Kilichomsaidia ni kwamba matumizi yake yalibaki madogo hata pesa za wadhamini zilipoanza kuingia, na 2012 akaanzisha mfuko wa kusaidia miradi ya umeme wa jua anaoutolea sehemu kubwa ya mapato yake. Na hata huko Yosemite kwenyewe huwezi tu kuegesha ukalala, kulala garini nje ya kambi ni marufuku, na Camp 4, kambi ya wapandaji tangu zamani, msimu wa watu wengi unaruhusiwa usiku 7 basi.

Sasa leta hesabu hiyo huku kwetu Kenya. Gari linataka mafuta, bima, sevisi, na mahali salama pa kulaza usiku, halafu ukienda hifadhi ya Hell's Gate unajilipia wewe na unalilipia na gari. Bedsita ya Athi River itakutoka kidogo kuliko hiyo van, na hapo miamba ya Lukenya ni karibu, Jumamosi asubuhi uko kwenye mwamba kabla jua halijauchoma. Kuishi karibu na mwamba ndiko kunakookoa pesa Kenya, van achia wenye barabara zao.

"Wazee wa Camp 4 walikuwa huru bila pesa"

Watu hupenda kumtaja Yvon Chouinard hapa, mpandaji wa zamani wa Yosemite, jinsi alivyoishi kwa chini ya dola moja kwa siku na kula chakula cha paka cha mikebe iliyobonyea, na ni kweli, amesimulia mwenyewe. Lakini hiyo stori ina nusu ya pili ambayo haisemwi. 1957 alinunua tanuri kuukuu la mhunzi, akajifundisha kufua chuma, akawa anauza misumari ya kupigilia kwenye nyufa za mwamba, dola 1.50 mmoja, kutoka kwenye buti ya gari. Msimu wa baridi alikuwa anafua, msimu wa kupanda anapanda. Kufikia 1970 kampuni yake ndiyo ilikuwa inaongoza Marekani kwa vifaa vya chuma vya kupandia, Patagonia, kampuni yake ya nguo, ikafuata 1973, na 2022 familia ikaikabidhi kampuni nzima kwa ajili ya kulinda mazingira. Kwa hiyo chakula cha paka kilimpa muda, ila uhuru ulitoka kwenye ufundi wa mikono yake na biashara.

Kukosa pesa na kutohitaji pesa nyingi ni vitu viwili tofauti kabisa jamani. Bega likiteguka, mmoja anafungua grupu la WhatsApp la kuchangiwa, mwingine ana akiba ya miezi sita na bima. Na bima isome yote mpaka yale maandishi madogo, kwa sababu nyingi hazilipii ajali za kupanda kwa kamba na utajua siku unadai. SHA, bima ya afya ya serikali, pia usiisahau ukiacha ajira, mwajiri ndiye alikuwa anakukatia ile 2.75% ya mshahara, ukitoka ni juu yako mwenyewe kuendelea.

"Weka akiba mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, toa 4% kila mwaka, umemaliza"

Hapa ndipo nataka tukae kidogo maana ndipo watu wanaumia zaidi. Hiyo 4% ilianza na William Bengen, mshauri wa fedha Marekani, 1994, na 1998 maprofesa wa Trinity University kule Texas wakaipima tena kwa njia yao. Wote walitumia rekodi za hisa na hati fungani za Marekani kuanzia 1926, na swali kubwa lilikuwa kama pesa zitamfikisha mstaafu miaka 30. Sasa wewe unataka kuacha kazi ukiwa na miaka 38, na Mungu akikupa uhai unahitaji miaka 50 na zaidi, na akiba yako iko kwa shilingi. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulifika 9.6%. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, halafu mwaka huo huo ikashuka hadi karibu 130. Mfanyakazi wa kawaida anaona hiyo kwenye mafuta na unga, sisi tunaiona pia kwenye kamba na viatu kwa sababu vinatoka nje, kamba ni ile ile mita 60, mtengenezaji hajabadilisha kitu, na wewe unalipa zaidi.

Halafu ile namba ya riba ya MMF (mfuko wa soko la fedha) wanayokuonyesha kwenye tangazo. Tuseme ni 12%, toa kodi ya zuio 15% ya riba unabaki na 10.2, toa mfumuko wa bei tuseme 6, imebaki kama 4 hivi. Hiyo 4 ndiyo yako, nyingine inakimbizana na bei tu.

Je hesabu ya 25 ni ya kutupa? Hapana, ni nzuri sana kama dira, mimi naitumia ila kwa 3%. Angalia hivi: unatumia 45,000 kwa mwezi, hiyo ni 540,000 kwa mwaka, mara 25 unapata milioni 13.5, na ukienda kwa tahadhari ya 3% unafika milioni 18. Inatisha, najua. Lakini ukipunguza matumizi kwa 5,000 tu kwa mwezi, lile lengo la mara 25 linashuka kwa milioni 1.5 papo hapo, na bado zile 5,000 unaziweka kila mwezi. Na kinachoamua miaka ni sehemu unayobakiza kuliko ukubwa wa mshahara: ukianzia sifuri na pesa ikakua 5% juu ya mfumuko wa bei, anayebakiza 20% atafika kwa miaka kama 37, anayebakiza nusu kama 17. Ila tusidanganyane, mtu wa mshahara wa 25,000 mwenye watoto wawili hawezi kubakiza nusu hata afunge mkanda vipi, huyo kwanza atafute kuongeza kipato, na asiyemwambia hivyo anamkosea.

"Kuishi kirahisi ni kununua kila kitu mtumba"

Nguo, ndiyo kabisa. Jaketi la manyoya ya bata la soko la Gikomba litakupasha joto Mlima Kenya kama jipya tu, suruali, begi, sufuria, hata stovu ukiikagua. Lakini kamba, hanesi (ule mkanda wa kiunoni unaofungiwa kamba) na mikanda ya nailoni, tafadhali, tafadhali usinunue kwa mtu usiyemjua. Nailoni inaharibiwa na jua na inaharibiwa na asidi, na kamba iliyokaa kwenye buti karibu na betri inayovuja inaweza kuonekana safi kabisa. Watengenezaji wengi wanasema miaka 10 ndiyo mwisho hata kama haijawahi kutumika, na ukipanda kila wiki inaisha mapema zaidi ya hapo.

Kamba ipitishe yote vidoleni kabla ya kupanda, polepole, mita kwa mita. Unatafuta mahali palipolegea, palipokuwa bapa, au unapoikunja inajikunja kama karatasi badala ya kuacha kitundu cha mviringo, hapo ujue kiini kimeumia hata kama ganda la nje halijachanika. Karabina, kile kiungo cha chuma cha kupitishia kamba, iangalie pale kamba inapopita, kama pamechimbika mfereji wenye ukingo mkali inakata kamba, itoe. Viatu badilisha soli kabla tundu halijafika kwenye mpira wa kidole gumba, hapo umeokoa bei ya kiatu kizima.

Njia ya kupunguza gharama ya kamba ipo: watu wanne mnaojuana mnanunua moja mpya, mnaandika kwenye daftari nani ameitumia na nani ameanguka nayo. Ndivyo hata yule anayesema "huu mchezo ni wa matajiri" anavyojibiwa, cha kwako binafsi ni viatu, hanesi na helmeti, vingine ni vya kundi.

"Anayeishi kwa kidogo anakwepa familia"

Hii inauma kwa sababu unaambiwa na watu unaowapenda. Unakataa kununua gari, unakaa bedsita, halafu shangazi anasema una pesa unaficha. Ninachojua ni kwamba karo ya mdogo wako na dawa za mama ni matumizi kama renti, yaingie kwenye ile 45,000 kuanzia siku ya kwanza. Mipango mingi ya watu wa nje haina huo mstari kabisa na ukiinakili hivyo itavunjika mwezi wa tatu. Pangeni na ndugu kiasi cha kila mwezi, kitume kabla hakijaombwa, na harambee za ghafla ziwe na mfuko wake mdogo.

"Ni uhuru kamili au kazi mpaka 60"

Katikati pana nafasi kubwa sana. Sheria ya ajira inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka, na mlima haujali zimebaki ngapi. Njia ya kawaida ya upande wa kaskazini wa Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, mita 5,199, inakuwa kavu kama Juni hadi Oktoba, ya Nelion, kilele jirani, upande wa pili ni kuanzia mwisho wa Desemba hadi Machi, kwa sababu tuko ikweta na jua linahama upande. Mtu mwenye akiba ya mwaka mmoja wa matumizi na ujuzi wa kufanya kazi kwa mkataba, iwe uhasibu, iwe kuchomelea, anaweza kufanya kazi Machi hadi Julai, Agosti akawa mlimani, akarudi kazini, na Januari akaenda tena. Akiba yake kuu anaiacha ikue bila kuigusa, mkataba ndio unamlisha. Hiyo haihitaji milioni 18, inahitaji kama laki tano na nusu na mwajiri mliyeelewana mapema.