Run sio kukimbia tu jamani

Wengi wetu tuliambiwa run ni kukimbia, tukaandika kwenye daftari, basi. Ndo maana mtu akikuta "she runs a shop" anabaki kujiuliza huyu mama anakimbia na duka anaenda nalo wapi.

Dhana: Kukimbia ndo maana yenyewe, zingine ni za kukariri tu.

Ukweli: Hebu jaribu kuweka "kuendesha" au "kwenda" uone mambo yanavyonyooka. Run a business, kuendesha biashara, run a machine, kuendesha mashine, the bus runs every hour, basi lipo kila saa, na hata tumbo, sisi tunasema "naendesha tangu jana" wenye Kiingereza chao wanasema "I have the runs", yaani hapo tumekutana bila kupanga kabisa (samahani kama uko mezani). Maji yakitoka bombani ni run, pua ikitiririka kamasi ni run, kitenge kikichuja rangi kwenye beseni nayo ni run, kote humo kuna kitu kinatembea au kinatiririka. Sio kila mahali lakini, mfano run for president ni kugombea, na hiyo ni ya Wamarekani zaidi, Mwingereza mara nyingi atasema stand.

Dhana: Mwenye lugha yake anazijua maana zote.

Ukweli: Thubutu! Wahariri wa Oxford English Dictionary walipolichambua upya hilo neno walifika maana 645, na hapo ni kitenzi peke yake, mhariri Peter Gilliver alikaa nalo miezi kama 9. Kwenye toleo la 1989 la kamusi hiyo, aliyekuwa anaongoza kwa wingi wa maana ni neno set.

Dhana: Kiswahili hakina fujo kama hizi.

Ukweli: Piga je? Mgeni kasoma piga ni kuchapa, kaingia nyumbani kwako anasikia dada anapiga pasi, mtoto kapiga mswaki, baba anapiga simu, jirani anapiga hodi, na bibi kapiga chafya, si atakimbilia polisi huyo. Wewe hukukariri hata moja, ulizisikia zikiwa na wenzake, pasi, mswaki, hodi. Na run ibebe hivyohivyo, pamoja na neno linalofuata.

Ila hata hilo neno linalofuata halitoshi muda wote. Mtu akikwambia "I ran into your uncle yesterday", muulize kwanza alikuwa kwa miguu au na gari, maana inaweza kuwa walikutana tu njiani, inaweza pia kuwa anko kagongwa.