Kadi katika gofu ya kulipwa: maana yake, na jinsi Aaron Rai alivyoipata

Ukisikia mchezaji wa gofu "amepata kadi", usidhani ni kadi ya uanachama wa klabu au cheti cha ufundi. Kadi ni haki ya kuingia mashindano ya msururu fulani kwa msimu mmoja. Kwa Ulaya msururu mkubwa ni European Tour, ambao tangu msimu wa 2022 unaitwa DP World Tour. Msimu ukiisha, hesabu inafanywa: aliyefanya vizuri anabaki na kadi yake, aliyeshindwa anaipoteza na kurudi kuitafuta.

Hapo ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Kuwa mchezaji wa kulipwa ni rahisi mno. Unajitangaza, unaacha hadhi ya ridhaa, na kuanzia siku hiyo unaruhusiwa kuchukua fedha za zawadi. Unaweza kufanya hivyo asubuhi na jioni usiwe na shindano hata moja la kucheza.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Mwingereza Justin Rose. Mwaka 1998, akiwa na miaka 17 na bado wa ridhaa, alimaliza akifungana katika nafasi ya 4 kwenye The Open, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, katika uwanja wa Royal Birkdale, baada ya kuingiza mpira shimo la mwisho kutoka kwenye nyasi ndefu. Hakulipwa hata senti, kwa kuwa wa ridhaa hawalipwi. Siku iliyofuata akawa wa kulipwa. Kilichomngoja ni kutolewa katika mashindano 21 mfululizo. Hakuwa na kadi, hivyo alikuwa akicheza kwa mialiko ya waandaaji, na mialiko ina kikomo kwa msimu. Kila wiki ilikuwa kama mtihani wa mwisho. Mwishoni mwa 1999 akapata kadi, msimu wa 2000 akaipoteza, akaitafuta tena akaipata, na ushindi wake wa kwanza wa European Tour ukaja Afrika Kusini mapema 2002. Kipaji alikuwa nacho tangu mwanzo. Alichokosa ni ratiba.

Ili kuona kwa nini ratiba ni kila kitu, angalia hesabu ya wiki moja. Shindano la kawaida lina wachezaji 156. Wanacheza mashimo 18 Alhamisi na 18 Ijumaa, kisha kunakuwa na mchujo: 65 wa kwanza, pamoja na waliofungana nao, wanaendelea Jumamosi na Jumapili. Waliobaki, kwa kawaida zaidi ya 80, wanafungasha bila chochote. Nauli ya ndege, hoteli na mshahara wa kedi, yaani mbeba fimbo, wamelipa wenyewe. Mkwaju mmoja uliopotea Alhamisi asubuhi unaweza kuwa ndio tofauti. Mwenye kadi ana wiki ishirini na kitu za kusahihisha makosa. Mwenye mwaliko mmoja hana wiki ya pili, naye huanza kucheza kwa woga, akilenga kupita mchujo badala ya kulenga shimo.

Njia za kupata kadi ni mbili kuu. Ya kwanza ni Q-School, shule isiyo na mwalimu: hatua tatu, mbili za mwanzo zikiwa na raundi nne kila moja, na ya mwisho raundi sita, yaani mashimo 108. Kwa miaka mingi waliopewa kadi ni 25 wa juu na waliofungana nao. Ni njia ya haraka lakini katili, kwa sababu wiki moja mbaya inakula mwaka mzima. Ya pili ni kupanda ngazi kutoka misururu ya chini, na huku ndiko alikopita Aaron Rai.

Rai alizaliwa Wolverhampton, Uingereza, mwaka 1995, katika familia yenye asili ya India. Mama yake alitoka Kenya. Baba ndiye aliyegharamia vifaa na ada, na gofu si mchezo wa bei rahisi. Alimnunulia mtoto seti ya fimbo za chuma za Titleist za bei kubwa, na baada ya mazoezi alisafisha mifereji midogo ya uso wa kila fimbo kwa pini na mafuta ya watoto, kisha akaivika kofia isikwaruzike. Mpaka leo Rai huzivika kofia fimbo zake za chuma, jambo ambalo wachezaji wa kulipwa karibu wote hawalifanyi, na huvaa glavu mikono yote miwili badala ya mmoja. Watu hucheka. Fimbo hazimtupi.

Aligeuka wa kulipwa 2012, akiwa na miaka 17 kama Rose, ila bila kamera hata moja kumfuata. Alianzia chini kabisa, PGA EuroPro Tour, msururu wa Uingereza uliofungwa 2022. Mashindano yake yalikuwa ya raundi tatu na zawadi ndogo. Kazi yake hasa ilikuwa kutoa nafasi chache za kupanda kwa waliomaliza juu kabisa kwenye jedwali la msimu. Rai alishinda shindano moja 2014 na jingine 2015, akapanda Challenge Tour, ngazi ya pili ya Ulaya, ambayo tangu 2025 inaitwa HotelPlanner Tour.

Msimu wa kwanza huko, 2016, hakushinda. Kisha ukaja Machi 2017 na Kenya Open, katika uwanja wa Muthaiga, Nairobi. Wakati huo shindano hilo lilikuwa bado la Challenge Tour. Liliingia European Tour 2019. Wageni wengi huteleza Nairobi kwa sababu moja ambayo haionekani kwa macho: mwinuko. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unaokwenda mita 150 Uingereza unaweza kuzidi hapo kwa mita kumi hivi. Asiyehesabu upya umbali wa kila fimbo siku za mazoezi hujikuta nyuma ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, tangu shimo la kwanza, na kutoka hapo kurudi shimoni ni kazi. Rai alishinda, katika nchi aliyotoka mama yake, na huo ukawa ushindi wake wa kwanza wa Challenge Tour.

Kwenye msururu huo kuna kanuni mbili za kupanda. Wanaomaliza msimu katika nafasi za juu za jedwali, mwaka ule 15, hupewa kadi ya European Tour. Lakini anayeshinda mara tatu ndani ya msimu mmoja hasubiri hesabu ya mwisho. Anapandishwa papo hapo. Rai aliongeza ushindi Hispania, kisha wa tatu Ufaransa mwezi Julai, akapanda katikati ya mwaka. Ni wachache sana waliowahi kupita mlango huo.

Hata hivyo kadi hazilingani. Kila moja ina daraja, na mashindano hujazwa kwa kufuata daraja: washindi wa mataji kwanza, kisha waliobaki juu ya jedwali la mwaka uliopita, kisha waliopanda kutoka Challenge Tour, kisha wa Q-School. Kwa hiyo mgeni anaweza kuwa na kadi mfukoni na bado akakosa mashindano yenye fedha nyingi, kwa sababu nafasi zimeisha kabla ya kufikiwa jina lake. Hucheza zile wiki ambazo nyota wamepumzika. Kosa la kawaida la wageni ni kucheza kila wiki wanayoruhusiwa, mabara matatu ndani ya mwezi, hadi mwili unachoka na mikwaju inaanza kupotea mwishoni mwa raundi.

Kinachomtoa mtu kwenye foleni hiyo ni taji, kwa kuwa ushindi hulinda kadi zaidi ya msimu mmoja. Novemba 2018, kwenye Hong Kong Open, Rai alimshinda Mwingereza mwenzake Matthew Fitzpatrick kwa mkwaju mmoja. Daraja lake likabadilika Jumapili ileile.

Kadi ya Ulaya, lakini, haifanyi kazi Marekani. Alipotaka kuingia PGA Tour, msururu mkubwa wa huko, Rai, akiwa tayari na mataji mawili ya European Tour, ilibidi mwaka 2021 acheze mashindano ya mwisho ya Korn Ferry Tour, ngazi ya pili ya kule, ili kuipata kadi ya huko.