Kipimo cha h na majina elfu moja juu ya makala moja

Kipimo cha h, namba inayoonyesha makala za mtafiti zimetajwa na watafiti wengine kiasi gani, kimeingia midomoni mwa watu hapa Tanga bila kupitia kwa mwalimu. Nakisikia kwenye mahafali, mgeni rasmi anapotambulishwa. Nakisikia kwenye vikao vya kuchagua nani apewe ufadhili. Siku hizi nakisikia hata barazani Ngamiani, mzazi akimsifu mwanawe aliyeko Ulaya: "H yake themanini, maprofesa wetu hawamfikii hata mmoja." Kijana anastahili sifa, tena nyingi. Ila namba hiyo haisemi anachodhani mzazi wake, na mtafiti wa hapa anayelinganishwa naye anaonewa bure.

Maana yenyewe ni fupi. Chukua makala zote za mtu, zipange kuanzia iliyorejelewa na wenzake mara nyingi hadi iliyorejelewa mara chache, kisha teremka ukihesabu. Makala ya mwisho ambayo marejeo yake hayajapungua kuliko nafasi yake katika orodha ndiyo inayokupa h. Mwenye makala sita zilizorejelewa mara 40, 12, 7, 5, 4 na 1 ana h ya 4, kwa sababu makala ya nne ina marejeo 5 na ya tano ina 4 tu. Alikibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, mwaka 2005.

Hesabu hiyo haiulizi makala ina waandishi wangapi. Mtu aliyeandika peke yake na mtu aliye wa mia nane katika orodha hupewa rejeo zima kila mmoja. Katika fani nyingi tofauti hiyo ni ndogo, mtu anaweza kuifumbia macho. Katika fizikia ya migongano ya viini vya atomi kwa nishati kubwa, ambako ndiko aliko huyo kijana wa Ngamiani, haifumbiki.

Karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna mtambo wa mviringo chini ya ardhi wenye mzunguko wa kilomita 27. Muda mwingi hugonganisha protoni. Kwa majuma machache ya mwaka huingizwa viini vya madini ya risasi, kila kimoja kikiwa na jumla ya protoni na nyutroni 208, vikakutanishwa uso kwa uso kwa kasi iliyokaribia ya nuru. Kinachozaliwa hapo, kwa kitambo kisichoshikika, ni plazima ya kwaki na gluoni, yaani chembe ndogo zinazounda protoni: hali ya maada iliyoujaza ulimwengu mwanzoni kabisa, kabla hata protoni hazijafanyika, yenye joto linalozidi la kitovu cha jua zaidi ya mara laki moja. Mgongano mmoja hutawanya maelfu ya chembe. Jaribio liitwalo ALICE, ambamo ndimo alimo kijana wetu, lilijengwa kuzinasa chembe hizo, kwa kigunduzi chenye uzito wa tani 10,000 na urefu wa mita 26.

Kitu kama hicho hakijengwi na mtu mmoja, wala kumi. Yupo aliyemaliza miaka akiunga nyaya za chumba cha gesi kinachoonyesha njia ya kila chembe. Yupo aliyeandika programu za kuchuja data, yupo anayekesha zamu ya usiku kuhakikisha umeme na ubaridi haviyumbi. Bila hao hakuna matokeo ya kuchambua. Kwa hiyo majaribio hayo yamejiwekea kanuni yao: mwanachama hutumikia kwanza jaribio zima, akitimiza masharti huingizwa kwenye orodha, na tangu hapo jina lake hukaa juu ya makala za jaribio, pamoja na zile zilizochambuliwa na kundi dogo ambalo hajawahi kuketi nalo. Majina hupangwa kwa alfabeti. Makala ya ALICE hubeba majina kama elfu moja, na jaribio hutoa makumi ya makala kwa mwaka. Majirani zao, majaribio ya ATLAS na CMS kwenye mtambo huo huo, walipounganisha data mwaka 2015 kupima uzito wa chembe ya Higgs, makala ilikuwa na waandishi 5,154. Ilikuwa na kurasa 33. Utafiti pamoja na marejeleo yake ulimalizika katika kurasa 9, zilizobaki 24 zote ni majina na taasisi.

Ukiijua kanuni hiyo, themanini ya yule kijana inasomeka vingine. Kila aliyeingia ALICE wakati mmoja naye na kukaa miaka ile ile ana h inayokaribiana na yake, awe fundi wa vifaa, mchambuzi hodari au mtu wa wastani. Namba hiyo inalisifu jaribio.

Nadhani sisi watu wa pwani tunateleza hapa kwa sababu ya tungo tulizokulia. Malenga akifika beti la tamati hutaja jina lake, na pengine mtaa wake, na hapo kila mtu anajua: maneno yote yaliyotangulia ni yake, vina ni vyake, na lawama ni yake. Tunalichukua jina lililo juu ya makala ya kisayansi kwa imani hiyo hiyo. Jina katika orodha ya elfu moja lina maana nyingine. Linasema: mimi ni wa jaribio hili, nimelitumikia, makala imepita mikononi mwetu kabla ya kutoka, na ninasimama nayo.

Kusimama huko kuna uzito, sitaki mtu auchukulie kwa wepesi. Septemba 2011 jaribio la OPERA lilitangaza kwamba nyutrino, chembe nyepesi mno zinazopenya hata miamba, zilizotoka Geneva hadi Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita kama 730, zilifika kana kwamba zimeishinda nuru kwa nanosekunde 60 hivi. Baadhi ya wanachama hawakukubali majina yao yawekwe kwenye makala ile ya mwanzo. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba waya mmoja wa nuru haukuwa umekazwa sawasawa. Waliojiondoa walikuwa wamelielewa jina kama dhamana.

Madaktari wana kanuni tofauti kabisa, na hapa ndipo ulinganisho unapovunjika. Wahariri wa majarida ya tiba walianza kukubaliana kanuni za pamoja mjini Vancouver mwaka 1978, na leo kanuni zao zinamtaka mwandishi atimize mambo manne yote kwa pamoja: awe amechangia kwa uzito kubuni kazi au kupata na kufasiri data, awe ameandika au kuirekebisha kwa kina, aidhinishe nakala ya mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kwa kipimo hicho, mtu aliyeunga nyaya kwa miaka mitano bila kugusa andiko hutajwa kwenye shukrani, basi. Hata hivyo na wao wana kazi kubwa mno kwa jina la mtu mmoja. Korogwe ilikuwa kati ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, na Bagamoyo ilikuwemo. Walishiriki watoto na wachanga 15,459. Makala kuu za matokeo, za mwaka 2011 na 2015, zilitolewa kwa jina la ushirika wenyewe wa majaribio hayo, na watu wakaorodheshwa ndani.

Sasa mtafiti wa Muheza au Korogwe anayetoa makala mbili kwa mwaka na wenzake wanane, aliyetembea vijijini akipima damu za watoto, h yake ikiwa 20, tunamwambia amepitwa mara nne? Hirsch mwenyewe alikwisha tuonya katika makala ile ile ya mwaka 2005. Aliandika kwamba fani zenye ushirika mkubwa, akitaja majaribio ya nishati kubwa, zitakuwa na h za juu zaidi, na akapendekeza namba irekebishwe kwa wastani wa idadi ya waandishi pale watu wanapolinganishwa. Watu walichukua namba, onyo wakaliacha. Kugawa kwa idadi ya waandishi nako hakumalizi kazi: gawa kwa elfu moja na aliyejitolea miaka minane kwenye kigunduzi anakaribia sifuri.

Na rejeo lenyewe tunalielewa vibaya. Husemwa "amerejelewa mara elfu" kana kwamba watu elfu wamesema ni kweli. Makala ya OPERA ilirejelewa mno katika miezi ile, na wengi walikuwa wanaonyesha kwa nini haiwezekani. Eugene Garfield, aliyetoa faharasa kubwa ya kwanza ya marejeo ya kisayansi kutoka Philadelphia mwaka 1964, alikuwa ameieleza nia yake tangu 1955: msomaji aweze kuona makala ya zamani imekosolewa na nani baadaye, asije akaitumia kazi mbovu au iliyopitwa na wakati. Mfano wake ulikuwa faharasa ya mawakili wa Marekani iliyoanza mwaka 1873, inayowaonyesha kama hukumu fulani bado inasimama au imetenguliwa. Wakili yeyote anajua kwamba hukumu hutajwa pia wakati wa kuipinga. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya kusoma kwa uangalifu kimegeuzwa rula ya kupimia watu.

Kwa hiyo mzazi wetu akisimama tena kumtambulisha mwanawe, namwomba aseme hivi: kijana wangu ni mwanachama wa jaribio la ALICE, na sehemu aliyoshughulikia yeye ni hii. Ikiwa haijui, amuulize mwanawe. Vijana wa majaribio haya hufurahi sana kuulizwa walifanya nini hasa, na jibu lao ni refu kuliko namba. Kwa wanaokaa kwenye vikao vya ufadhili ombi ni dogo vilevile: mwambieni kila mwombaji alete makala tatu anazozithamini, aeleze kwa maneno yake alichofanya katika kila moja, na mzisome.