Ritriti ni gwaride, alama ni alama

Kila Agosti, fainali za vikosi vya ngoma na buruji zikiisha kule Indianapolis, nasoma maneno yaleyale kutoka kwa Waswahili wenzangu wanaoishi Marekani na kufuatilia mashindano hayo: "ritriti imechelewa kutoka", "ritriti nimeiona kwenye simu", "mwenye ritriti ya nusu fainali atutumie". Wanachokitaka ni alama. Alama zina jina lake, na matokeo yana jina lake. Ritriti ni kitu kingine kabisa, na kwa kuwa chenyewe kinazidi kupotea, naona ni haki tujue kinachopotea ni nini.

Maana yake ni fupi. Ritriti ni gwaride la kufunga shindano. Kikosi cha mwisho kikishacheza, vikosi vyote vilivyoshindana usiku huo hurudi uwanjani na bendera zao, hujipanga vikitazama jukwaa, husimama mguu sawa, bendera hupewa heshima, matokeo husomwa mbele ya wote, kisha vikosi hutoka kimoja baada ya kingine. Kusoma matokeo ni sehemu moja tu ya shughuli hiyo. Kama vikosi havikukusanyika, ritriti haikuwepo, hata alama zingesomwa mara kumi.

Kwa ambaye hajaviona vikosi hivi: ni vijana wasiozidi miaka 21 au 22, hadi 165 katika kikosi kimoja, wapiga ngoma, wapuliza vyombo vya shaba na wachezesha bendera, wanaocheza huku wakitembea kwa hatua zilizopimwa katika uwanja wa futiboli ya Kimarekani. Chama kinachoandaa mashindano yao, Drum Corps International, kiliundwa 1971, na ubingwa wake wa kwanza ulifanyika 1972 huko Whitewater, Wisconsin, ambako kikosi cha Anaheim Kingsmen kilishinda. Buruji zenyewe, yaani tarumbeta za kijeshi, zilikuwa za ufunguo mmoja wa muziki, ule wa G, mpaka kanuni zilipolegezwa mwaka 2000; sasa vikosi vikubwa hupuliza vyombo vya kawaida vya shaba, ila jina la buruji limebaki.

Sasa tuje kwenye jina, maana hapo ndipo tafsiri nyingi zinapopotoka. Nimeona mtu ameandika kwamba baada ya shindano "vikosi vilirudi nyuma", kana kwamba vilishindwa vita. Mwingine aliandika "mafungo", neno zuri, lakini la waumini wanaojitenga kusali. Wote wawili walishika maana mojawapo ya neno la Kiingereza, retreat, wakaiacha ile ya kambini, ambayo ndiyo hasa inayohusika.

Asili ni Kifaransa, retraite. Katika majeshi ya zamani ya Ulaya huo ulikuwa wito wa jioni. Jua likikaribia kuzama, wapiga ngoma walipita wakipiga ngoma ya kuwaambia askari warudi kambini, malango yafungwe, walinzi wa usiku washike zamu. Adui hakuhusika. Walioitwa ni askari wenyewe, siku ya kazi imekwisha. Waingereza waliichukua desturi hiyo wakaifanya gwaride, wakaieneza kila walikotawala. India mpaka leo hufunga sherehe za Siku ya Jamhuri kwa gwaride la namna hii, tarehe 29 Januari, pale Vijay Chowk mjini Delhi. Jeshi la Marekani nalo lina wito wa buruji uitwao Retreat. Hupigwa jioni, kisha hufuata wito wa bendera au wimbo wa taifa, na bendera inashushwa polepole mpaka ifike mikononi mwa askari wanaoikunja. Anayepita kambini kwa miguu husimama, na mwenye gari hulisimamisha.

Hapa mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa sana. Aliyewahi kupita mbele ya kituo cha polisi saa 12 jioni, filimbi ikalia, watu wote wakasimama kimya walipo, mwenye baiskeli akashuka, mpaka bendera ikashuka na filimbi ya pili ikalia, ameshaiona ritriti. Hakuna alama iliyotangazwa pale, wala bingwa. Ni watu kusimama pamoja ili siku ifungwe.

(Wapo pia wanaochanganya ritriti na tatuu, si ile ya kuchora ngozi bali ya kijeshi, kama ile inayofanyika kila mwaka kwenye ngome ya Edinburgh, Scotland, tangu 1950. Tatuu ni wito wa baadaye usiku, na jina lake limetoka kwa Waholanzi: wenye vilabu waliambiwa wafunge mabomba ya bia ili askari wakalale. Zinapakana, lakini kila moja ina saa yake.)

Desturi ya kambini iliingiaje kwenye mashindano ya vijana? Jibu liko katika Vita Kuu ya Kwanza. Askari wa Marekani waliporudi nyumbani waliunda vyama vyao, kikiwemo American Legion mwaka 1919, na matawi ya vyama hivyo yakaanzisha vikosi vya ngoma na buruji, kisha yakaanza kushindana. Baadaye wakafadhili vikosi vya vijana, na parokia na maskauti nao wakaanzisha vya kwao. Holy Name Cadets walianza 1934 katika parokia moja ya Garfield, New Jersey. Cavaliers walianza 1948 kutoka katika kundi la skauti la Chicago. Huku kwetu, miaka ileile ya baada ya vita, askari waliotoka kwenye vita hiyohiyo walikuwa wakieneza beni, Marini wakishindana na Arinoti kwa ngoma, tarumbeta na gwaride. Sitaki kuvutwa huko leo, ila msomaji aone kwamba watu wa mbali walifanya jambo la kufanana kwa sababu walitoka mahali pamoja, yaani jeshini.

Basi walioanzisha mashindano yale ya Marekani walikuwa wanajeshi, na kwao shughuli yenye bendera haikuweza kuisha kwa watu kutawanyika ovyo. Ilibidi ifungwe. Wakaifunga kwa njia waliyoijua, na jina wakalichukua lilelile la kambini. Alama zilisomwa hapo kwa sababu hapo ndipo wote walipokuwepo.

Ritriti kamili ilikuwa hivi. Vikosi vilisubiri nyuma ya lango, kila kimoja na ngoma moja ikipiga hatua, ngoma yenyewe peke yake bila shaba. Viliingia vikitanguliwa na bendera, vikajipanga safu ndefu kwa urefu wa uwanja. Madramu meja, yaani viongozi wa vikosi, walisogea mbele peke yao. Jina la kikosi liliposomwa pamoja na nafasi na alama zake, dramu meja wake alipiga saluti, na saluti hiyo haikuwa ya kuinua mkono tu. Kila kikosi kilikuwa na yake: mmoja hufungua mikono taratibu kama anayesukuma milango miwili, mwingine huchora duara kubwa hewani kabla kiganja hakijafika kwenye ukingo wa kofia. Mashabiki wa zamani wangeweza kukitambua kikosi kwa saluti tu. Nyuma yake vijana walisimama bila kutikisika, mabega sawa, macho mbele, iwe wametajwa wa kumi au wa pili. Vikosi vingi vilifundisha hivyo: usishangilie, usilie, mpaka uruhusiwe. Aliyekaza magoti muda mrefu kwenye joto la Agosti aliweza kuzimia, na wenzake walijua namna ya kumdaka huku safu ikiendelea kusimama.

Matokeo husomwa kuanzia chini kwenda juu. Kwa hiyo anayetajwa kwa nafasi ya pili ndiye anayemtangaza bingwa bila bingwa kutajwa. Kwenye fainali ya 2008 kikosi cha Blue Devils kilisomewa alama 98.100, nafasi ya pili. Phantom Regiment walikuwa wamesimama uwanja huohuo, na alama zao zilikuwa 98.125. Tofauti ya 0.025 tu. Ukiisoma tofauti hiyo kwenye simu ni tarakimu. Ukiisikia umesimama hatua chache kutoka kwa kijana uliyeshindana naye majira yote ya joto, nadhani ni jambo jingine, na ndiyo sababu nalitetea jina hili.

Baada ya kusoma alama, vikosi viliondoka kwa gwaride, vikipita mbele ya bingwa na kumpa heshima. Bingwa alibaki uwanjani mpaka wote watoke, kisha akapiga muziki wake kwa ajili ya watazamaji waliobaki. Muziki huo ndio watu wanauita "onkoo", na nao wengine wanauita ritriti. Huo ni wa mshindi peke yake. Ritriti ni ya wote, hata aliyeshika mkia.

Kwa nini inapotea? Sababu ni za kueleweka, na simlaumu mtu. Vikosi siku hizi vinasafiri majira yote ya joto kutoka jimbo hadi jimbo, usiku kucha kwenye mabasi, na vijana hulala sakafuni katika kumbi za michezo za shule watakazofikia alfajiri. Kikosi kilichocheza saa 1 jioni kikingojea ritriti ya saa 5 usiku, basi linafika mchana, na dereva ana saa zake za kisheria. Malori ya vifaa na mapambo makubwa ya uwanjani nayo yanahitaji muda wa kupakiwa. Kwanza ritriti ya shindano la kawaida ikaachiwa madramu meja peke yao, wawili watatu kwa kila kikosi, wengine wakiwa tayari wanapakia. Kisha katika maeneo mengi hata hao hawakuitwa; alama zinatoka kwenye intaneti wakati mabasi yanaingia barabara kuu. Ritriti kamili ikabaki jambo la usiku wa fainali. Katika uwanja wa Lucas Oil, ambako fainali zimekuwa zikifanyika tangu 2009, vikosi 12 vinapoingia vyote vikiwa vimejaa, wanakaribia vijana 2,000 kwenye nyasi moja.

Pamoja nayo yamefifia mengine madogo: heshima ya bendera iliyokuwa na kanuni kali kiasi cha kikosi kukatwa alama bendera ikigusa chini, kupita mbele ya bingwa, subira ya kusimama. Duara la maegeshoni bado lipo, kikosi kinapokusanyika kando ya mabasi kuimba wimbo wake kabla ya kuondoka. Madison Scouts wanajulikana sana kwa hilo. Lakini duara ni la kikosi chenyewe, halina mpinzani ndani yake. Nasikia watu wakisema duara limechukua nafasi ya ritriti, na sioni hivyo. Wimbo wa ndugu hauwezi kufanya kazi ya gwaride la washindani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiona orodha ya vikosi na tarakimu kwenye simu, semeni alama zimetoka. Madramu meja wakiitwa peke yao, semeni ni ritriti ya madramu meja. Hilo jina linatumika na halina kosa. Bingwa akipiga muziki wake baada ya kushinda, huo ni onkoo. Na shindano likiisha kila kikosi kikaenda zake, andikeni tu kwamba usiku ule hapakuwa na ritriti.